Tatjana Smith, Bingwa wa Nusu ya Pili

Anayeanza kujifunza kuogelea, mara nyingi huanzishwa na mtindo wa kifua, ambao watoto huuita wa chura. Kichwa hutoka majini kila mara, macho huona mbele, na pumzi haisumbui. Ndiyo maana wengi huuona kuwa mtindo wa wanaoanza na wa watu wazima wanaojinyoosha viungo jioni. Kwenye mashindano mambo ni tofauti kabisa. Huu ndio mtindo wa polepole kuliko yote minne, na ndio unaoadhibu kosa dogo kwa ukali zaidi. Mwenye misuli mingi anaweza kushindwa na mwenye misuli michache, mradi huyo wa pili anajua ni wakati gani wa kutulia.

Sijui mwogeleaji ambaye safari yake inaeleza jambo hilo vizuri zaidi ya Tatjana Smith wa Afrika Kusini, ambaye mashabiki walimjua kwanza kwa jina la Tatjana Schoenmaker kabla hajaolewa mwaka 2023. Alistaafu mwaka 2024 akiwa na medali nne za Olimpiki: dhahabu mbili na fedha mbili. Katika Michezo ya Tokyo na ile ya Paris, Afrika Kusini ilipata dhahabu moja tu kila mara, na mara zote mbili aliyeileta ni yeye. Ili kuelewa alivyofanya, tuanze na maji yenyewe.

Ukinzani wa maji haupandi sambamba na kasi. Hupanda kwa mraba wake. Ukiongeza kasi mara mbili, maji hukuzuia mara nne. Kwa hiyo anayekwenda kwa mwendo uliotulia hutumia nguvu kidogo kuliko anayechomoka, akapungua, akachomoka tena, hata kama wote wawili watafika kwa muda mmoja. Katika mtindo huru mikono hupokezana: mmoja ukivuta, mwingine unarudi mbele hewani, na mwendo haukatiki. Mtindo wa kifua haujajaliwa hivyo. Kanuni zinataka mikono yote miwili iende pamoja, miguu yote miwili iende pamoja, na viwiko visitoke majini isipokuwa kwenye mivuto michache iliyotajwa na kanuni, kama ule wa mwisho kabla ya ukuta. Na miguu haiwezi kupiga teke kabla ya kukunjwa: magoti hushuka, visigino husogea kwenye makalio, na mapaja hukinga maji yanayokuja. Kwa nukta hiyo mwili unakaribia kusimama. Kisha teke linausukuma tena. Ni kama dereva wa daladala anayekanyaga mafuta na breki kwa zamu kutoka Posta hadi Mbagala. Atafika, lakini tangi litakuwa limekauka.

Gharama hiyo inaonekana kwenye rekodi. Mwaka 2024 Ariarne Titmus wa Australia aliogelea mita 200 za mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 52.23, rekodi ya dunia. Katika mtindo wa kifua, umbali uleule, rekodi aliyoiweka Evgeniia Chikunova wa Urusi mwaka 2023 ni dakika 2 na sekunde 17.55. Ni zaidi ya sekunde 25 zinazopotea kwa sababu ya umbo la mwendo, si kwa sababu ya uvivu wa mtu.

Kocha wa mtindo huu basi ana kazi mbili. Ya kwanza ni teke. Tofauti na mtindo huru, ambamo mikono ndiyo hubeba mzigo mkubwa, hapa miguu ndiyo injini. Nyayo hugeuzwa nje, na maji husukumwa kwa upande wa ndani wa unyayo na muundi. Vifundo vya miguu visivyolegea havikubali mkao huo, na hilo mazoezi ya kunyanyua vyuma peke yake hayalitibu. Kazi ya pili ni majira. Mikono inapaswa kuwa imeshanyooka mbele, kichwa kimeshainama kati ya mikono, ndipo teke lifyatuke, ili nguvu yake yote iukute mwili umenyooka. Baada ya hapo kuna muda mfupi wa kuteleza bila kufanya lolote. Anayeteleza mno hupoza kasi aliyoipata. Anayekata utelezi mapema huvuta mikono huku miguu bado inafanya kazi, na kimoja kinaharibu kingine. Kupata kipimo sahihi cha utulivu huo huchukua miaka.

Tatjana alizaliwa Johannesburg tarehe 9 Julai 1997, na ufundi wake ulinolewa Chuo Kikuu cha Pretoria chini ya kocha Rocco Meiring. Mwaka 2016, akiwa bado na miaka 18, alikosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya Rio katika mita 200 kwa tofauti ya 0.01 ya sekunde. Kwa kasi ya mbio hizo, hiyo ni kama sentimita moja na nusu ya maji. Mtu anaweza kuipoteza kwa kufika ukutani viwiko vikiwa vimekunjika kidogo. Wapo waogeleaji ambao kukosa kwa namna hiyo huwafanya watafute nguvu zaidi. Yeye alirudi kwenye ufundi uleule, na matunda yakaanza kuonekana miaka miwili baadaye: katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018 alishinda mita 100 na mita 200. Mwaka 2019, kwenye ubingwa wa dunia wa Gwangju nchini Korea Kusini, alipata fedha ya mita 200 nyuma ya Yuliya Efimova wa Urusi.

Tokyo, katika Michezo iliyoahirishwa hadi mwaka 2021, ilimfunza mambo mawili. La kwanza lilitokea katika mita 100. Kwenye mchujo aliogelea 1:04.82 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Katika fainali Lydia Jacoby wa Marekani, msichana wa miaka 17 kutoka Alaska, alishinda kwa 1:04.95, na Tatjana akapata fedha kwa 1:05.22. Yaani muda wake wa mchujo ungemtosha kupata dhahabu. Tofauti ya kama nusu sekunde kati ya siku moja na nyingine ndiyo sura halisi ya mtindo huu: mzunguko mmoja ukikosa majira, hakuna nafasi ya kuurekebisha ndani ya mita 100.

La pili lilikuja katika mita 200, ambazo ni shughuli nyingine. Hapo ndipo hesabu ya ukinzani wa maji inapogeuka kuwa mbinu. Anayetoka kwa kasi kubwa analipia kasi hiyo kwa mraba, na deni lake hudaiwa katika mita 50 za mwisho, wakati miguu imejaa uchovu na utelezi unakuwa mfupi bila yeye kutaka. Katika fainali ya Tokyo, Lilly King wa Marekani, mshika rekodi ya dunia ya mita 100, alitoka mbele kama ilivyo desturi yake. Tatjana hakumfukuza. Alishika mwendo wake, na katika nusu ya pili ya mbio akampita na kuendelea kumwacha. Alipogusa ukuta saa ilisoma 2:18.95. King alikuwa wa pili kwa 2:19.92, na Mmarekani mwingine, Annie Lazor, wa tatu. Rekodi ya zamani, 2:19.11, ilikuwa ya Rikke Møller Pedersen wa Denmark tangu mwaka 2013. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya 2:19 kabla ya asubuhi hiyo. Picha zilizozunguka dunia zinamwonyesha akilia majini, huku King, Lazor na Kaylene Corbett, mwenzake wa Afrika Kusini aliyemaliza wa tano, wakimkumbatia.

Watazamaji wengi huhesabu mbio kwa kinachoonekana juu ya maji. Lakini sehemu kubwa ya ushindi wa mtindo huu hufichwa chini. Baada ya kuruka, na kila anapogeuka ukutani, mwogeleaji anaruhusiwa kuvuta mikono mara moja hadi mapajani, kupiga teke moja la kipepeo na teke moja la chura, kisha kichwa lazima kitokeze. Katika bwawa la mita 50, mbio za mita 200 zina nafasi nne za namna hiyo, na za mita 100 zina mbili. Mwili uliozama hausumbuliwi na mawimbi ya juu, kwa hiyo nafasi hizo ni mali, na historia ya mtindo huu ni historia ya watu kuzinyemelea. Waliogundua kwamba mikono ikirudi hewani huenda mbio zaidi walisababisha mtindo wa kipepeo utengwe na kuwa na mashindano yake kuanzia miaka ya 1950. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 kwa kuogelea sehemu kubwa ya mbio akiwa chini ya maji, na kanuni zikabadilishwa kumzuia yeyote atakayemwiga. Hata Cameron van der Burgh, Mwafrika Kusini aliyeshinda mita 100 za London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya 58.46, alikiri baadaye kwamba alipiga mateke ya ziada ya kipepeo mahali ambapo waamuzi hawaoni, akisema wengine nao walifanya hivyo.

Jina la van der Burgh linatukumbusha kwamba Tatjana hakuota peke yake. Kabla yao wote alikuwapo Penelope Heyns, mzaliwa wa Springs. Mwaka 1996 huko Atlanta, Heyns alishinda mita 100 na mita 200 za mtindo wa kifua, dhahabu za kwanza za Afrika Kusini tangu iliporudishwa kwenye Olimpiki baada ya miaka ya kutengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Hadi leo ndiye mwanamke pekee aliyeshinda umbali wote wawili katika Michezo ileile. Sababu ya uhaba huo sasa iko wazi: mita 100 hudai mizunguko ya haraka na utelezi mfupi, mita 200 hudai utelezi mrefu na subira, na mwili mmoja haubadili tabia kirahisi ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo alichofanya Tatjana baada ya Tokyo kina uzito wake. Mwaka 2023 alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 200 mjini Fukuoka kwa 2:20.80, na katika mita 100 akapata fedha nyuma ya Rūta Meilutytė wa Lithuania. Mwaka uliofuata, Paris, watu walimtazamia mita 200. Dhahabu ikaja kwenye mita 100. Tang Qianting wa China aligeuka ukutani akiwa mbele. Tatjana, sasa akiitwa Smith, alimfikia wakati wa kurudi na kugusa kwa 1:05.28. Tang alipata 1:05.54, na Mona McSharry wa Ireland akawa wa tatu kwa 1:05.59. Siku chache baadaye, katika mita 200, Kate Douglass wa Marekani alimshinda kwa 0.36 ya sekunde, na Tatjana akatangaza kwamba hiyo ilikuwa mbio yake ya mwisho. Alikuwa na miaka 27.

Ukimpima kwa saa peke yake, hayuko juu kabisa. Rekodi yake ya mita 200 imeshavunjwa, na muda wake wa dhahabu ya Paris ulikuwa mrefu kuliko ule wa mchujo wa Tokyo. Ila medali haigawiwi kwa muda bora wa maisha ya mtu. Inagawiwa kwa anayeweza kufanya jambo lilelile sahihi katika mbio ya mwisho, mwili umechoka na jirani yuko mbele. Kwa kipimo hicho ameshinda umbali wote wawili katika Olimpiki mbili tofauti, na hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kupata medali nyingi za Olimpiki kuliko yeye. Mwogeleaji Chad le Clos anazo nne pia, ila dhahabu ni moja.

Somo kwa walimu wa kuogelea na wazazi wa huku kwetu haligharimu fedha. Mtoto anapojifunza mtindo wa kifua, usimshindanishe na saa mapema. Mhesabie mizunguko anayoitumia kuvuka bwawa, kisha mtake avuke tena kwa mizunguko michache zaidi bila kuchelewa. Mtazame miguu kabla ya mikono, na umsifu anaponyooka na kutulia kama unavyomsifu anapopiga teke. Kasi itakuja juu ya ufundi huo. Ufundi hauji juu ya kasi.