Kumtayarisha Mtoto kwa Mtihani wa Kiingereza

Wazazi wengi, wa mashambani na wa mijini, hudhani ya kuwa mtu asiyejua Kiingereza hawezi kumsaidia mwanawe katika mtihani wa lugha hiyo. Fikira hiyo si sahihi. Yafuatayo ni maelezo ya mtihani wenyewe, ya makosa yanayowaponza watoto wetu, na ya kazi ambayo mzazi aweza kuifanya nyumbani.

Mitihani ya namna hii si jambo geni katika Kenya. Baada ya taarifa ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, masomo ya Waafrika yaligawanywa katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, na wengi walioshindwa mtihani mwishoni mwa kipindi walikomea hapo. Tangu 1985 hata 2023, mlango wa sekondari ulikuwa mtihani wa K.C.P.E. Mwaka 2025 watoto wa Gredi ya 9 walifanya kwa mara ya kwanza mtihani wa K.J.S.E.A. Mtihani huo uliwekewa asilimia 60 katika kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine katika kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Basi ni wazi ya kwamba matayarisho hayaanzi mwezi wa mtihani, bali miaka kadha kabla yake. Tena, kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu Gredi ya 4, mtoto asiyekielewa huweza kuanguka katika Hesabu na Sayansi pia.

Makosa mengi hutokana na tofauti ya lugha hizi mbili. Sisi husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mwingereza hutenga "he" na "she". Maneno madogo "a" na "the" hayana mfano wake katika Kiswahili, kwa hiyo mtoto huyaruka. Kadhalika, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, lakini katika Kiingereza "write" na "right" husikika sawasawa, ingawa maana zake ni mbali kabisa. Sikio peke yake halitoshi. Hapana budi jicho liyazoee maneno kwa kusoma.

Sasa, mzazi afanye nini? Kwanza, kila jioni mtoto apewe nusu saa ya kusoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti. Akiisha, amsimulie mzazi habari ile kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Hata mzazi asiyejua neno moja la Kiingereza atatambua kama hadithi ina kichwa na miguu. Ikiwa haina, mtoto hakuelewa, arudie kusoma.

Pili, mara moja kwa juma aandike insha, na saa iwekwe mbele yake. Akipewa dakika 40, atumie 5 kupanga mawazo, 30 kuandika, na 5 za mwisho kusahihisha. Watoto wengi hupoteza alama si kwa kukosa maarifa, bali kwa kutokamilisha kazi au kutoisoma tena.

Tatu, afundishwe kusoma habari yote kabla ya kujibu maswali yake, na kutafuta jibu ndani ya habari ile, si katika yale ayajuayo mwenyewe.

Nne, awe na daftari la makosa. Kila sentensi aliyosahihishiwa na mwalimu aiandike humo kwa usahihi, na mzazi alitazame daftari hilo kila Jumapili.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Viboko na matusi havifundishi lugha. Mtoto mwenye hofu huogopa kusema, na asiyesema hajifunzi. Wala mzazi asinunue karatasi ziitwazo za mtihani ulioibwa. Wauzaji wengi ni walaghai, na udanganyifu ukigunduliwa, matokeo ya mtoto huweza kufutwa. Tena isiwe binti anateka maji na kupika huku kaka yake anasoma penye taa. Wote wawili watakalishwa mbele ya karatasi moja, wala msahihishaji hataulizia nani alichoka jikoni.

Usiku wa kuamkia mtihani mtoto alale mapema, na asubuhi apate chakula na kalamu mbili. Kujaribu kumpakia maneno mapya saa hiyo ni kazi bure. Haba na haba hujaza kibaba: nusu saa ya kila jioni itamfaa kuliko mkesha mmoja wa hofu.