Barabara ndani ya yai: madereva wa Charlotte na sendika yao

Ku Concord, karibu na Charlotte mu North Carolina ya Marekani, iko uwanja wa mashindano ya motokari wenye njia ya kilometre 2,4. Umbo lake ni kama yai, na kona zimeinuka upande. Ndani ya ile yai kuko barabara ingine, yenye kukunjama-kunjama. Zote mbili zikiungwa, wanaziita Roval. Sisi watu wa mine tuko na sababu ya kujua historia yake.

Kwanza, mawe. Mwaka 1959 dereva Curtis Turner na mwenzake Bruton Smith walianza kujenga, na chini ya udongo wakakuta graniti. Mwenye kutoboa jiwe na kutia dinamiti anajua namna kazi ile inakula falanga. Madeni yakapanda, wakati ukapita. Siku ya shindano la kwanza, 19 Juni 1960, lami ilikuwa bado mbichi. Ilikatika-katika chini ya magurudumu, na motokari zilifungwa nyavu za chuma mbele juu ya vipande vyenye kuruka.

Mwaka 1961 Turner akaondolewa ku uongozi wa uwanja. Akaenda kuomba mkopo kwa Teamsters, sendika kubwa ya madereva wa kamyo, yenye Jimmy Hoffa alikuwa anaongoza. Nao walitaka awaingize madereva wa mashindano mu sendika. Madereva wangepata nini? Malipo ya uzee, asiransi ya mwenye kuumia na ya jamaa ya mwenye kufa, zawadi kubwa zaidi. Ile orodha, kila delege wetu anaijua kwa kichwa. Bill France, mkubwa wa NASCAR, akamfukuza Turner pamoja na Tim Flock, kwa maisha yote.

Wengine walitoka haraka, na Fireball Roberts alikuwa mmoja wao. Hatumlaumu: ukitishwa kukosa kazi, unapima kwanza chakula cha nyumbani. Tarehe 24 Mei 1964, ku uwanja ule ule wa Charlotte, motokari yake ilipinduka ikawaka moto. Alikufa tarehe 2 Julai. Turner alirudishwa mwaka 1965. Sendika, hapana.

Barabara ya ndani yenyewe si mpya: mu miaka ya 1980 motokari za IMSA zilikimbia pale. Lakini watazamaji walichoka kuona motokari za NASCAR zinazunguka tu, na tarehe 30 Septemba 2018 shindano lake kubwa likaingia ndani: kilometre karibu 3,7, kona 17, na vizuizi vya kupunguza mbio. Ku kizuizi cha mwisho Jimmie Johnson alitaka kumpita Martin Truex Jr., akateleza, wakagongana. Ryan Blaney, aliyekuwa wa tatu, akapita na kushinda. Mwaka 2019 Chase Elliott aliingia kichwa mu ukuta wa kinga, akarudi nyuma, na bado akashinda.

Leo dereva anagonga namna ile na anatoka muzima, juu kiti, ukuta na kifaa cha kushika shingo vimebadilika. Kile cha shingo NASCAR ilikilazimisha Oktoba 2001. Dale Earnhardt alikuwa amekufa Februari ku Daytona, na Blaise Alexander tarehe 4 ya ule mwezi wa Oktoba, ku Charlotte. Madereva wa NASCAR mpaka sasa hawana sendika.