Mtoto anapougua bwenini, ni nani humsikiliza?

Mzazi akishanunua godoro, ndoo, sanduku la bati, blanketi na viatu vyeusi, hudhani kazi yake imekwisha. Karo imelipwa, mizigo imekaguliwa langoni, naye hupanda matatu kurudi mjini moyo ukiwa umetulia. Kuanzia siku hiyo atapata habari za shule kwa vipande vipande: timu ya mpira imefika ngazi ya kaunti, kwaya imefuzu kwenda tamasha za muziki, mwalimu mpya wa hisabati ni mkali kama pilipili. Habari za afya ya mwanawe huja mwisho, na aghalabu huja zikiwa zimechelewa.

Sisi madaktari wa mitaani huwajua watoto hawa wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula. Huletwa na mama zao, huyu akijikuna, yule akikohoa, mwingine amekonda mpaka sketi inamvuka. Ukimwuliza alianza kuugua lini, atakuambia wiki ya tatu. Ukimwuliza alimwambia nani, hutazama sakafu.

Hebu tuifuate njia anayopitia mgonjwa wa bwenini. Kwanza humwambia kiranja wa bweni. Kiranja humpeleka kwa matroni, na matroni akiridhika humpa panadoli mbili na kumrudisha darasani. Asipopata nafuu, sharti amwone mwalimu wa zamu, kisha naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwenye kitabu cha ruhusa. Kila mmoja wao humwuliza swali lile lile: una hakika wewe ni mgonjwa? Ikiwa ni Ijumaa jioni na gari la shule limekwenda na wachezaji, atangoje Jumatatu.

Siwalaumu walimu bure. Wanafunzi husingizia ugonjwa, hasa asubuhi ya baridi au mtihani unapobisha hodi, na yeyote aliyelala bwenini anajua hila hizo. Matroni mmoja anaweza kuwa na watoto zaidi ya mia mmoja mikononi mwake. Hata hivyo, kutambua anayesingizia na anayeumwa kweli ni kazi ya muuguzi au ofisa wa kliniki. Kiranja wa miaka kumi na saba hawezi kuifanya, wala mwalimu wa jiografia.

Kuna mvulana niliyemwona miaka kadhaa iliyopita, ambaye tumbo lilianza kumuuma karibu na kitovu siku ya Jumatano. Kesho yake maumivu yalishuka upande wa kulia chini, akatapika, na chakula kikamshinda. Alipewa dawa ya kutuliza asidi. Ijumaa aliambiwa aache kudeka. Jumamosi maumivu yalipungua ghafla, wenzake wakafurahi, lakini usiku huo homa ikapanda na tumbo likawa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alifanyiwa upasuaji na akapona, baada ya kulazwa majuma mawili na kuachwa na kovu refu.

Daktari yeyote angeutambua mwenendo huo wa maumivu kwa dakika tano. Kidole tumbo kikivimba, kinaweza kupasuka baada ya siku mbili au tatu, na ule unafuu wa ghafla ni wa udanganyifu. Homa ya uti wa mgongo haingoji hata muda huo: mtoto anaweza kuamka na maumivu ya kichwa na shingo ngumu, na kufikia jioni akawa hajitambui. Kwa maradhi kama haya, ngazi nne za ruhusa ni nyingi mno.

Wenye maradhi ya kudumu ndio huniumiza moyo zaidi. Mtoto mwenye pumu hufika na inhela yake, nayo huchukuliwa langoni pamoja na dawa nyingine zote na kufungiwa ofisini kwa matroni. Nia ni njema, maana dawa zikizagaa bwenini ni hatari. Lakini pumu hupenda kuja saa nane usiku, wakati ofisi imefungwa na matroni amelala nyumbani kwake. Inhela ya kufungua kifua sharti ikae mfukoni mwa mwenyewe, au chini ya mto wake. Kadhalika mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mengi na kukingwa na baridi. Kumwogesha kwa maji ya barafu saa kumi na moja alfajiri ni kumwitia maumivu makali ya mifupa.

Hayo ni ya mtoto mmoja mmoja. Shule ya bweni, hata hivyo, ni kama kijiji kinachokula sufuria moja na kunywa tangi moja, na kikiingiliwa kinaingiliwa chote.

Wengi wetu tunaikumbuka Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kaunti ya Kakamega. Mwezi Machi 2023 wasichana walianza kulalamika juu ya maumivu ya tumbo, kuhara na kutapika. Shule ilifungwa Aprili 3 mwaka huo, mamia wakiwa wameugua, na baadhi yao walipoteza maisha. Wizara ya Afya ilisema vipimo vilionyesha vijidudu vya E. coli na Salmonella typhi. Vyote viwili humfikia mtu kwa njia moja: kinyesi kilichoingia katika maji au chakula.

Hapo ndipo mzazi anayezuru shule anapofaa kutazama mbali kidogo na vikombe vilivyopangwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Je, tangi lina kifuniko? Kisima kiko umbali gani na vyoo vya shimo, na je, kiko upande wa chini mteremkoni? Pale nje ya vyoo kuna mfereji na sabuni, au kuna mfereji mkavu tu? Pure iliyobaki jana huhifadhiwa wapi? Maswali haya hayahitaji shahada ya udaktari.

Homa ya matumbo, au taifodi, ina hila yake. Dalili huanza baada ya wiki moja au mbili tangu mtu ameze vijidudu, na wakati mwingine hata karibu mwezi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuambukizwa shuleni na kuangukia kitandani nyumbani, kila mtu akilaumu chakula cha mama yake. Isitoshe, baadhi ya watu hupona na kuendelea kubeba vijidudu pasipo kuhisi lolote. Mfano mashuhuri ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907 baada ya familia kadhaa alizozipikia kupatwa na taifodi. Mwenyewe alikuwa mzima wa afya, na kwa sababu hiyo hakukubali kamwe kwamba yeye ndiye chanzo. Ndiyo maana hapa Kenya wapishi hutakiwa kupimwa na kupewa cheti cha afya kila baada ya miezi sita. Halmashauri ya wazazi ina haki ya kuviomba vyeti hivyo ivitazame.

Na hapa niseme jambo ambalo wenye maabara za vichochoroni hawatalipenda. Kile kipimo cha damu kiitwacho Widal hakitoshi kuthibitisha taifodi. Huweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu aliyepata kuugua zamani, au mwenye maradhi mengine kabisa. Nimeona watoto waliotibiwa taifodi kila likizo, mara nne mfululizo, huku kinachowasumbua ni vidonda vya tumbo au hofu ya mtihani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, na kinafaa kufanywa kabla mtoto hajaanza kumeza dawa.

Upele hauui, lakini huwanyima watoto usingizi, na kukosa usingizi hushusha alama kuliko mwalimu mbaya. Unaletwa na utitiri mdogo unaochimba chini ya ngozi na kutaga mayai. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita bila kujikuna, na muda wote huo anawaambukiza jirani zake. Kwa hiyo kumtibu mmoja anayejikuna ni sawa na kukausha sakafu huku mfereji umefunguliwa. Bweni zima lipakwe dawa usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, na nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto siku hiyo hiyo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda. Nawaomba wazazi wapime kwa hatua zao siku ya ziara.

Kuna maradhi mengine ya bwenini ambayo maabara haiyaoni. Mnamo Oktoba 2023, wasichana wapatao mia moja wa shule ya Eregi, huko huko Kakamega, walipelekwa hospitalini wakiwa na miguu iliyolegea, wasiweze kutembea. Video zao zilisambaa simuni na watu wakawacheka. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wa kuambukiza, na wakuu wa afya wakalitaja jambo hilo kuwa mfadhaiko wa halaiki.

Halikuwa jambo geni Afrika Mashariki. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa. Waliporudishwa makwao, hali hiyo iliwafuata hadi vijijini. Madaktari waliochunguza hawakuona sumu wala kijidudu.

Wasichana hawa hawaigizi. Mwili unaweza kusema yale ambayo mdomo umekatazwa kusema, na mahali ambapo mamia ya vijana hulala, huamka na kuogopa pamoja, lugha hiyo huenea upesi. Kwanza wachunguzwe vizuri, maana Mukumu inatufundisha kutokimbilia neno hilo kabla ya kupima maji. Yakishaondolewa maradhi mengine, watenganishwe kwa utulivu, kamera zifukuzwe, na mtu mzima anayeaminika aketi nao awaulize kinachowalemea. Kuwakusanya uwanjani ili wakemewe pepo mbele ya shule nzima huongeza idadi ya wagonjwa.

Mzazi mwenye mtoto bwenini anaweza kufanya mengi kabla ya muhula ujao. Aandike karatasi moja yenye maradhi ya mtoto, dawa zake na dawa zinazomdhuru, pamoja na nambari mbili za simu, kisha aiwasilishe mwenyewe kwa matroni na kwa mwalimu wa darasa. Mpango wa EduAfya uliowagharimia wanafunzi wa shule za upili za umma kupitia NHIF tangu 2018 haupo tena, na NHIF yenyewe ilibadilishwa kuwa SHA Oktoba 2024. Mtoto aandikishwe chini ya jina la mzazi, na shule ipewe nambari hiyo. Chanjo ya taifodi ilitolewa kote nchini Julai 2025 kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Wanafunzi wengi wa shule za upili walikuwa wamepita umri huo, kwa hiyo mzazi wa kijana kama huyo aulize hospitalini kama anaweza kuchanjwa kwa malipo.

Na mtoto akipiga simu kwa nambari ya mwalimu, akasema tumbo limemuuma siku ya pili, mpigie naibu wa mwalimu mkuu jioni hiyo hiyo.