Nchi ikipanda nafasi, si lazima iwe imetajirika

Vijana hawachoki kubishana mitandaoni ni nchi gani Afrika yenye uchumi mkubwa zaidi. Mtu anaweka grafu, mistari inapishana mwaka baada ya mwaka, na kabla hujamaliza kuisoma matusi yameanza.

Grafu kama hiyo unaweza kujichorea mwenyewe. Programu ya R, iliyobuniwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, hailipishwi hata ndururu. Benki ya Dunia nayo huweka takwimu za pato la taifa bure kwenye tovuti yake, nyingine tangu 1960. Wewe leta laptopu na bando.

Kwanza, panga nafasi za kila mwaka peke yake. Ukisahau, programu itatia miaka yote kwenye foleni moja, Nigeria ya 2013 ishindane na Kenya ya 1975. Pili, R huanza na nambari ndogo, hivyo usipogeuza mpangilio, mwenye uchumi mdogo kabisa atatokea namba moja! Tatu, kagua mapengo. Eritrea, kwa mfano, haina takwimu za pato hapo baada ya 2011. Ikitoka orodhani, walio nyuma yake wanasogea bila kutoa jasho.

Lakini hata ukifuata yote hayo, grafu bado inaweza kukuchezea. Aprili 2014, Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake kutoka 1990 hadi 2010, ili biashara kama za simu na filamu za Nollywood zihesabiwe ipasavyo. Pato la 2013 liliruka kwa asilimia 89, likafika takriban dola bilioni 510, na Nigeria ikaipiku Afrika Kusini. Mfukoni mwa mkazi wa Lagos hakikuongezeka kitu.

Kenya ilifanya vivyo hivyo Septemba mwaka huo. Uchumi "ulikua" kwa asilimia 25 na tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati. Aliyelala bila kazi aliamka bila kazi.

Basi kabla ya kusambaza grafu, uliza: hesabu imebadilishwa? Nani hayumo? Na pato likigawanywa kwa idadi ya watu, je? Ukifanya hivyo kwa 2013, Afrika Kusini inarudi juu ya Nigeria.