Wanaume Sita wa Iskanderia

Mwulize mwanafunzi wa historia Waitaliano walifanya nini katika Vita vya Pili vya Dunia, na aghalabu atakujibu kwamba walishindwa. Atakutajia jinsi Uhabeshi ulivyokombolewa mwaka 1941, na yamkini atalikumbuka kanisa dogo lililo kando ya barabara ya Mai Mahiu, lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Jibu hilo si la uongo. Lakini nionavyo mimi, sisi walimu tumelizoea mno hata tukawageuza watu hao kuwa kichekesho cha vita. Leo nataka tuwatazame kutoka upande wa bahari, maana huko walifanya jambo lililowakosesha Waingereza usingizi.

Asili yake ni Vita vya Kwanza. Tarehe 1 Novemba 1918, Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci waliingia usiku katika bandari ya Pola pamoja na topido iliyorekebishwa, wakaitegea bomu manowari kubwa Viribus Unitis, nayo ikazama. (Ajabu ni kwamba Austria ilikuwa imekwisha kuwakabidhi Waslavi wa Kusini meli hiyo siku moja tu kabla, na wawili hao hawakuwa na habari.) Fikra hiyo ikalala hadi mwaka 1935, Mussolini alipojiandaa kuivamia Uhabeshi na kuhofia kwamba manowari za Uingereza zingemzuia. Hapo ndipo maafisa wawili wahandisi, Teseo Tesei na Elios Toschi, walipoifufua. Kwa hiyo silaha hii, ingawa haikupata kutumika katika maji yetu, chanzo chake kimo katika dhuluma iliyotendewa Afrika. Sijaona kitabu cha shule kinachosema hivyo.

Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita saba hivi na kiliendeshwa kwa betri. Watu wawili walikipanda kama wapandavyo farasi, vichwa vyao vikiwa juu ya maji, na walipokaribia hatari walizama nacho. Kichwa chake kilikuwa bomu la kilo zipatazo 300 ambalo lilichomolewa na kuning'inizwa chini ya mkuku wa meli ya adui. Wazamiaji walivuta oksijeni tupu ili mapovu yasiwafichue, na oksijeni hiyo hiyo huwa sumu mtu akizama mno. Kwa ukaidi wa mwendo wake, wenyewe walikiita nguruwe. Kikosi chao kilipewa jina la Decima Flottiglia MAS mwaka 1941.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, nyambizi Scirè, chini ya Junio Valerio Borghese, iliwashusha watu sita na nguruwe watatu nje ya bandari ya Iskanderia. Mlango wa bandari ulizibwa kwa wavu wa chuma. Bahati yao ni kwamba Waingereza waliufungua ili kupitisha manowari zao tatu ndogo, na Waitaliano wakapenya pamoja nazo. Antonio Marceglia na Spartaco Schergat waliiendea Queen Elizabeth, meli ya Admeri Cunningham mwenyewe. Vincenzo Martellotta na Mario Marino wakapewa meli ya mafuta. Luigi Durand de la Penne na Emilio Bianchi wakaiendea manowari Valiant.

Hawa wawili wa mwisho ndio walionifanya niandike makala haya. Bianchi alishindwa na kifaa chake cha kuvutia hewa, akaibuka na kujishikiza kwenye boya. Nguruwe wao akagoma. De la Penne, peke yake ndani ya giza na matope, alimburura chini ya bahari kwa dakika zipatazo 40 hadi akamfikisha chini ya meli. Alipoibuka walikamatwa wote wawili. Walihojiwa na hawakusema neno. Nahodha Charles Morgan akaamuru wafungiwe ndani kabisa ya tumbo la meli, upande wa omo, karibu na pale pale lilipolala bomu. Zilipobaki dakika chache, de la Penne aliomba kumwona nahodha, akamwambia kwamba meli italipuka na kwamba heri awaokoe mabaharia wake. Mahali lilipo bomu hakupataja. Morgan akamrudisha chini.

Bomu lililipuka. De la Penne na mwenzake wakatoka hai. Manowari zote mbili zilikaa kitako juu ya sakafu ya bandari, na kwa kuwa maji hayakuwa marefu, sitaha zilibaki juu. Cunningham akaendeleza shughuli za kila siku sitahani ili ndege za adui zidhani meli ni nzima. Uingereza ilikuwa imekwisha kupoteza Ark Royal na Barham mwezi Novemba. Sasa haikubakiwa na manowari kubwa hata moja iliyo tayari kwa vita mashariki mwa Mediterania, kwa kazi ya watu sita. Wote sita walitekwa. Marceglia na Schergat walifika hadi Rosetta, lakini wakuu wao walikuwa wamewapa noti za Kiingereza ambazo hazikutumika kwa urahisi nchini Misri!

Wengi hukomesha kisa hapo, wakapiga makofi. Mimi siwezi. Septemba 1943 Italia ilipoacha vita, kikosi kiligawanyika. Borghese alibaki upande wa Wajerumani, akaligeuza jina la Decima kuwa jeshi la maelfu ya askari wa nchi kavu, wakawawinda na kuwanyonga Waitaliano wenzao waliopinga ufashisti. Wazamiaji wengine walishirikiana na Waingereza, na mwezi Juni 1944 pande hizo mbili zilizamisha manowari Bolzano huko La Spezia. Ujuzi ni ule ule, nidhamu ni ile ile. Kikosi kidogo kinachofanya kazi gizani humtegemea mno kiongozi wake, na Borghese alikuwa kiongozi shupavu. Mwaka 1970 alijaribu hata kuipindua serikali ya Italia, akakimbilia Hispania alikofia mwaka 1974. Mwanafunzi anayesomeshwa Iskanderia pekee huondoka na nusu ya habari.

De la Penne alitunukiwa nishani ya dhahabu huko Taranto mwezi Machi 1945, na aliyemvisha kifuani ni Morgan yule yule. Italia ingali na kikosi cha namna hiyo, chenye makao huko Varignano karibu na La Spezia. Kinaitwa kwa jina la Teseo Tesei, aliyefia Malta tarehe 26 Julai 1941, kabla wenzake hawajalazimika kuchagua upande.