Je, Wajua? Ndege wa Uani Hawaji kwa Bahati

Je, wajua kwamba Rwanda ina Butare zaidi ya moja? Ile ya Huye inajulikana kwa chuo kikuu na makumbusho yake. Ninayoizungumzia hapa ni sekta ya Butare wilayani Rusizi, jirani na msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Aina karibu 300 za ndege zimehesabiwa msituni humo, na wageni husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwatafuta. Mkazi wa Butare anaweza kuanzia nyumbani, kwa mti mmoja uani na dakika chache za kutulia.

Mti gani? Wajua kwamba umuko, mti wa maua mekundu ulioheshimiwa tangu enzi za ibada ya jadi ya Ryangombe, ndiyo meza ya ndege aitwaye chozi? Mara nyingi huchanua ukiwa umepukutisha majani, hivyo ua jekundu lenye mbochi linaonekana kutoka mbali. Mtazame chozi dume akitua hapo: juani shingo inang'aa kijani, akigeuka kidogo inakuwa nyeusi tii. Rangi ile hutokana na jinsi unyoya unavyouvunja mwanga, ndiyo maana hubadilika kwa kila mgeuko. Kwa kawaida haelei hewani anapokula. Hushika tawi, huinama, huchomeka mdomo wake uliopinda.

Na umuvumu, ndugu wa mkuyu, huwalisha ndege wanaokula matunda. Waliozungushia nyumba ua wa imiyenzi, yaani minyaa, tayari wana maficho ya ndege wadogo mwewe anapopita.

Wajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi kinapokaza, maji huvuta ndege kuliko nafaka? Sahani pana ya udongo yatosha. Maji yasizidi kina cha vidole viwili, weka jiwe katikati la kusimamia, badilisha kila siku. Iweke mbali na kichaka ambacho paka anaweza kuvizia. Hili la paka nalisisitiza: anayewaita ndege kisha akawaacha mdomoni mwa paka amewadhulumu.

Je, wajua kwamba baadhi ya koo za Rwanda zina ndege aliye nembo yao? Wagesera wana inyamanza, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia bila kuchoka kwenye nyua na mapaa. Wanyiginya wana umusambi, yaani korongo taji.

Umusambi huyo ana habari ya kusikitisha, na inafaa isemwe. Kwa miaka mingi watu waliompenda walimtaka awe uani pao daima. Makinda yalichukuliwa kwenye mabwawa, yakakatwa mabawa, yakawekwa kwenye bustani za majumba na hoteli. Wengi walikufa mapema, na wengi hawakuwahi kuzaa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha kampeni mwaka 2014: wenye korongo waliombwa wawaandikishe bila kuadhibiwa. Wazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera wakajifunze upya kuishi porini. Walioharibiwa mabawa wasiweze kuruka tena wakapewa makao Umusambi Village, Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta korongo 487 porini nchini kote. Miaka michache baadaye walikuwa wamevuka 1,000. Kupenda ndege na kummiliki ni mambo mawili tofauti, na Rwanda imelithibitisha hilo kwa vitendo.

Wajua kwamba kuna ndege anayeitwa na kuitika? Ni mlembe, anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa mwitu. Hussein Isack, mtafiti wa Kenya, aliwachunguza warina asali wa Kiborana, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989: bila mlembe walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, pamoja naye saa 3.2. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti juu ya Wayao wa Niassa, Msumbiji, ambao humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Mlio huo ulipandisha uwezekano wa kufikishwa kwenye asali kutoka asilimia 17 hadi 54. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, humpigia mluzi, na mlembe wa huko huuitikia mluzi huo kuliko mlio wa Wayao. Ndege naye amejifunza kututambua.

Uchafu pia ni mwaliko. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka. Akasambaa pwani yote akila mayai na makinda ya ndege wa kienyeji. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja.

Chini kwenye mpunga wa Bugarama, wilayani humuhumu Rusizi, watu hushinda wakiamia ndege, na sitawalaumu. Lakini huyohuyo mnana anayefukuzwa ni fundi wa ajabu. Dume hufuma kiota kwa majani mabichi, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Kikikauka na kugeuka kahawia bila kupata jike, hukibomoa mwenyewe na kuanza upya.

Wajua kwamba kila Jumatano asubuhi, tangu mwaka 1971, watu hukutana Nairobi kutazama ndege pamoja, matembezi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno? Na kila Februari kuna hesabu ya dunia ya ndege wa uani. Kushiriki kunahitaji dakika 15 tu: kaa, tazama, andika uliowaona.

Nawe msomaji, mvua za Septemba zikianza, kata tawi nene la umuko ulichomeke ardhini kando ya ua wako. Hushika bila mbegu.