Mpelelezi na Jasusi: Matamko Mawili katika Vitabu vya Usalama

Asomaye vitabu vya Kiswahili vihusuvyo polisi na usalama wa nchi hukutana mara kwa mara na matamko mawili, mpelelezi na jasusi. Maana zake zakaribiana sana, lakini uzito wake si mmoja, na mfasiri asiyeangalia huenda akamtia mtu hatiani kwa neno tu.

Mpelelezi latokana na kupeleleza, yaani kuchungua jambo lililofichika. Halina lawama ndani yake. Biblia ya mwaka 1952 hukitumia kitenzi hicho kwa watu waliotumwa na Musa kuitazama nchi ya Kanaani. Katika riwaya, Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni mpelelezi, naye ni raia tu, mwenye akili na kiko chake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi vilevile, lakini yeye hutumwa na serikali.

Jasusi ni neno la Kiarabu. Shina lake ndilo la kitenzi kilichomo katika Kurani, Sura ya 49, aya ya 12, kiwakatazacho waumini kuchunguzana siri. Kwa hiyo tamko hili lina harufu ya lawama tangu asili. Kwa desturi jasusi ni mtu wa adui: yule tumwitaye mpelelezi wetu, wao humwita jasusi.

Tofauti hii yaonekana pia katika majina ya idara. Tanzania, katika sheria ya mwaka 1996, ilishika jina la Usalama wa Taifa, ambalo hutaja lengo la kazi na kuinyamazia njia yake. Kenya, magazeti ya Kiswahili huiita idara iliyowekewa sheria mwaka 2012 kuwa ni ya ujasusi, na kazi ya polisi huiita upelelezi wa jinai. Huko, basi, ujasusi umekuwa jina la fani, si tusi.

Jambo hili si dogo, kwa kuwa mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Yafaa upelelezi ubaki kwa kutafuta ushahidi wa kupelekwa mahakamani. Ama ujasusi, mfasiri na autazame kwanza msomaji wake ni wa wapi, ndipo auandike.